Eufrosina Alivyoyahasi Mahindi ya Dukani

Eufrosina wa San Melchor, huko milimani Oaxaca, alikuwa na mahindi meupe kiasi kwamba jogoo akiyaona usiku huwika akidhani kumekucha. Mbegu aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na wake. Kila mwaka, siku padri anapobariki mbegu, wanawake hutoka hata vijiji vya ng'ambo ya mto kuja kubadilishana naye. Asingetaka kunyimwa siku hiyo hata kwa kupewa pepo.

Mwaka huo njaa ilibisha hodi mapema. Mkwewe Delfino akaleta gunia la mahindi ya njano kutoka duka la bei nafuu. Ukingoni mwa shamba punda akajikwaa, gunia likapasuka. Kila mtu pale anajua kwamba punje ikiachwa chini hulia. Eufrosina akapiga magoti akaokota mpaka mgongo ukagoma. Zilizozama topeni akazifukia kwa mguu, zisipigwe na baridi, akaenda zake roho imetulia.

Zikaota. Zikarefuka hata kunguru wakawa hawafiki juu bila kupumzika njiani.

Jirani yake Filiberta akasimama kwenye ua. "Shoga, hayo majitu ni ya nani?"

"Ya dukani. Yalianguka nikayaonea huruma."

"Huruma? Hayo huletwa kutoka kaskazini. Wanasema mengine mbegu yake imechezewa maabarani, mdudu akiing'ata anakufa."

"Delfino anayala kila siku, na bado hajafa."

"Haya, cheka. Vumbi lake likiangukia ndevu za mahindi yako, utavuna madoa ya njano. Na mimi mbegu yenye madoa sichukui, tusidanganyane. Wala hatachukua mwingine."

Hapo Eufrosina hakucheka. Alitazama juu. Mbelewele za wageni hao wa njano, yale maua ya kileleni yanayomwaga vumbi, zilikuwa zimechomoza, bado kufunguka vizuri. Kwenye mahindi yake, ndevu za kwanza zilikuwa zinachungulia.

Delfino akaja na panga. "Mama, nifyeke yote?"

"Ufyeke chakula na njaa hii? Weka panga. Lete kile kisu cha kuhasia nguruwe, halafu uchuchumae."

Akampanda mabegani. Wakazunguka ukingo mzima, mkwe anatweta, mama mkwe anakata mbelewele moja baada ya nyingine na kuzitia guniani.

"Tulia, unachezacheza kama ndama."

"Mama, wewe si mwepesi."

"Nani kakuambia nimepanda mzima? Nusu yangu iko nyumbani."

Wapita njia wakauliza anafanya nini huko juu. "Nawahasi wageni," akajibu. "Wazae nile, ila waume watawapata humu humu kwangu."

Gunia lile akalichoma jikoni. Kisha kila alfajiri alirudi kutafuta mbelewele iliyomponyoka.

Siku ya kumenya mahindi, Filiberta alikuja kusaidia, kama walivyosaidiana miaka yote, ila safari hii macho yake yalikuwa makali kuliko kisu. Muhindi wa kwanza mweupe. Wa pili mweupe. Rundo likapanda. Ndipo Eufrosina alipomenya mmoja wa mstari wa ukingoni, akaona punje mbili za njano zinamkodolea macho.

Angeweza kuuketia. Sketi yake ilikuwa pana, ingeficha hata punda. Badala yake akauweka katikati yao.

"Nimeuona tangu ulipoushika," Filiberta akasema.

"Nami nimekuona ukiuona. Delfino! Mistari yote mitatu ya ukingoni, mpaka muhindi wa mwisho, peleka kwenye chungu cha chokaa tunachochemshia mahindi ya kusaga. Tutaila kwa mikate ya tortila. Humo haitoki mbegu, hata anayeomba awe askofu."

"Mistari mitatu mizima? Kwa punje mbili?" Delfino akauliza.

"Punje mbili nilizoziona mimi. Vumbi halikuniaga linakokwenda."

Filiberta alimaliza kumenya muhindi aliokuwa ameushika. Halafu akajifuta mikono na kusogeza kikapu chake.

"Mimi nipe ya katikati ya shamba. Na ujaze, usinipimie kama mgeni."

"Kikapu hicho ni kidogo," Eufrosina akasema, tayari anachagua. "Nenda kalete kingine."