Kumtafuta Dume wa Buibui Nkowe

Niliondoka Nachingwea kwenda kumtafuta dume wa buibui. Mkitaka kucheka, chekeni. Hata mimi nilijicheka nikifunga mkeka nyuma ya baiskeli. Lakini miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yanakufa. Matrekta yaliegeshwa moja baada ya jingine, na sisi wang'oa visiki tulisomewa majina kila mwisho wa mwezi: fulani, kwenu, fulani, kwenu.

Palikuwa na Mzungu aliyechunguza wadudu, sisi tukimwita Bwana Wadudu. Alifuga majike ya wale buibui wakubwa wanaofuma utando wa manjano, akitaka kujua kama wangeweza kupunguza wadudu wa mazao. Majike yalitaga, mayai hayakuanguliwa. Dume hakuwapo. Wenzangu walimaliza vichaka vyote wakitafuta dume wa kulingana na majike yale, makubwa kama kiganja, wakarudi mikono mitupu. Bwana akasema atakayempata atabaki naye kazini. Nikaomba ruhusa ya siku tano.

Jumatatu alfajiri nilishika njia ya Ruangwa. Kwa muda mrefu nilipita katika ardhi iliyofyekwa, nyekundu, tupu, hata ndege hakuna. Kisha vichaka vikaanza, na umande ukanilowesha suruali mpaka magotini. Mchana mnyororo ulikatika, nikasukuma baiskeli mpaka jua likaanza kupoa.

Ruangwa nililala kwa fundi cherehani mmoja. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. "Nenda Nkowe," akasema. "Huko kwenye mtama huwezi kupita bila utando kukuvaa usoni."

Jumanne kabla ya adhuhuri nilifika Nkowe, nikapokelewa na Mzee Athumani na mkewe, Bi Somoe. Mtama ulikuwa umetoa punje, na Bi Somoe alishinda juu ya dungu, kile kilingo cha miti, akiamia ndege kwa kombeo. Kati ya mguu wa dungu na mbaazi palikuwa na utando uliong'aa kama uzi wa hariri, na katikati yake jike ambaye sijaona mfano wake. Nikazunguka shamba zima. Dume hakuna. Nikaona basi, angalau nimchukue huyu; nikakata kijiti nikaanza kumpangusia pembezoni.

"Unapangusa nini, mwanangu?" Bi Somoe aliuliza kutoka juu.

"Watoto wake, mama. Hivi vidogo vilivyozagaa. Sitaki kumpelekea Bwana kitu kichafu."

Alishuka dungu taratibu, akatazama kijiti changu, akatazama ardhi.

"Watoto? Hao ndio waume. Umewafukuza wote."

Sikumwamini. Vile vidudu vya hudhurungi, visivyofika hata ukucha wangu? Lakini yeye alikuwa ameamia ndege mahali pale misimu mingi, na macho ya mtu aliyekaa siku nzima juu ya dungu huona mengi. Akaniambia, "Subiri. Watakuja wengine. Tena usidhani wakija tu basi. Mpaka mwenyewe akubali."

Niliona aibu kubwa. Kumbe sisi sote tulikuwa tukiyasafisha majike kwa adabu kabla ya kumkabidhi Bwana, na kila tulipopangusa tulitupa kile kile alichokuwa anakitafuta!

Jumatano asubuhi dume mmoja alikuja, akaenda moja kwa moja katikati. Jike alikuwa hajala. Sikuwahi hata kufungua chupa niliyobeba ya kumtilia. Aligeuka mara moja, na yule bwana harusi akawa kitoweo. Mzee Athumani akapiga mluzi. "Hakupiga hodi," akasema. "Mimi na huyu tumeoana tangu ujana, na mpaka leo napiga hodi." Bi Somoe alimrushia ganda la mhogo.

Mchana akaja wa pili, mdogo zaidi, amekatika mguu mmoja. Huyu hakusogea. Alikaa juu pembeni, nyuma ya mgongo wa jike. Ningeweza kumkamata, lakini alikuwa ndani ya mbaazi, na nikigusa tawi moja tu angeanguka nisimwone tena.

Alhamisi saa nne panzi alinasa. Jike alimkimbilia, akamfunga, akaanza kula. Hapo ndipo yule kiguru alipoanza kushuka. Kila hatua chache alisimama, akachezesha uzi kwa miguu yake, na utando wote ukatetemeka kidogo. Jike akaacha kula. Akainua mguu mmoja. Nami nikaacha kupumua. Kisha akaurudisha mguu, akaendelea na panzi wake.

"Amekubali," Bi Somoe alinong'ona.

Dume alipanda juu ya ule mgongo mpana, akatembea huku na huko, akashukia upande wa tumbo. Alikuwa pale pale mbele yangu, wazi kabisa.

"Mkamate sasa!" Mzee Athumani alisema. "Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Nilikuwa na chupa mkononi, na kazi yangu ilikuwa ndani ya chupa ile. Mkono haukwenda. Kiumbe yule alikuwa amengoja siku nzima penye kifo, amepokelewa, nami nimng'oe? Nilishusha chupa, machozi yakinilenga, wala sijui nilimlilia nani. Walikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Panzi alipokwisha, jike akageuka. Wa pili naye akaliwa.

Ijumaa nilirudi na jike peke yake, ndani ya kikapu, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

"Dume yuko wapi?" Bwana aliuliza.

"Ameliwa, Bwana. Lakini alikubaliwa kwanza."

Wenzangu waliangua kicheko. Bwana hakucheka, alimweka jike kwenye kizimba. Siku chache baadaye alitaga, akayafunga mayai kwa nyuzi za manjano. Mwisho wa mwezi jina langu likasomwa. Tulipewa wiki mbili za kumaliza kazi, halafu lori la kuturudisha makwetu.

Asubuhi ya lori, Bwana Wadudu alikuja mbio uwanjani bila kofia, akanishika mkono mbele ya watu, akanivuta mpaka chumbani kwake kwa kazi. Ndani ya kizimba, watoto wasiohesabika walikuwa wakitambaa juu ya nyuzi. Alivuta kiti chake mwenyewe, akaniketisha, yeye akachuchumaa na daftari. "Niambie yote," akasema. "Yule dume alikubaliwa vipi?"

Nilimweleza kuwa tulipotea kwa sababu tulipima mume kwa ukubwa, na kwamba mwenye kuchagua hakuwa sisi wala dume. Aliandika polepole, akiniomba nirudie, na nje tukasikia lori likiondoka bila mimi.