Hendeli ya Gramafoni ya Baba

Siku tuliyoondoa matanga ya baba, kaka yangu alimvunja mdogo wangu meno mawili kwa hendeli ya gramafoni. Hitima ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, na sahani za halua bado zilikuwa mkekani. Walikuwa wakigombania ile gramafoni, huyu akivuta sanduku, yule akivuta pembe lake la shaba linalotoa sauti, mpaka pembe likabonyea na hendeli, kile chuma cha kuizungushia, ikachomoka ikabaki mkononi mwa kaka. Akaishusha mdomoni mwa nduguye. Damu iliruka hadi kwenye buibui langu. Mimi, wa kati yao, nilimtandika kaka mgongoni kwa kiatu mpaka shangazi zangu wakanishika, na sijuti hata leo.

Mdogo akahamia Kiwengwa, akapata kazi ya upishi katika hoteli moja ya watalii, akaapa hatakanyaga tena mjini maadamu kaka anapumua. Kaka akabaki Mji Mkongwe na gramafoni mbovu. Nikitaja jina la mmoja mbele ya mwenziwe, natukanwa mimi.

Kisha kaka akajaaliwa kupata safari ya Hija. Mtu haendi Makka na dhulma ya nduguye shingoni, lazima amwombe radhi kwanza. Alikuja dukani kwangu Mlandege, ninakotengeneza vyerehani, akaibwaga gramafoni juu ya meza.

"Itengeneze, umpelekee," alinambia. "Mwambie nampa. Mwambie anisamehe."

"Una miguu. Nenda mwenyewe."

"Mimi ndo mkubwa. Nkabishe hodi nifukuzwe kama paka? Akiipokea, n'takwenda."

Nilitaka kumcheka, lakini nilimtazama usoni nikaona anaogopa. Alikuwa anaogopa kweli kwamba atatufu Al-Kaaba na Mungu asimtazame. Nikamwambia aondoke, nitaitengeneza.

Ilinila wiki nyingi. Springi ya gramafoni ni utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo, na ukikosea kuutoa unakuchinja. Mimi ulinichana mkono kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Nikaufunga mkono kwa kitambaa, nikautukana utepe, nikaosha kutu kwa mafuta ya taa na kulainisha kwa mafuta ya cherehani. Pembe nililigonga kwa nyundo ya mti kutoka ndani, kidogo kidogo, mabonyeo yakarudi. Kila pigo nililitajia mwenyewe wake: hili la kaka, hili la mdogo. Nilipomaliza, shaba iling'aa na mimi nilikuwa nimechoka kama niliyetoka vitani.

Kusafirisha kitu kama hicho kuna sharti moja kubwa kuliko mengine: springi iachiwe mpaka iishe nguvu, ndipo kiondoke. Ikiwa imejaa, kila tuta la barabarani linautikisa ule ukucha mdogo wa chuma unaoizuia isirudi nyuma. Basi niliiachia mpaka sahani ya kuwekea santuri ikasimama yenyewe. Pembe nililing'oa nikaliviringisha kanga, kichwa cha sindano nikakitia koponi na pamba, sanduku nikalikalisha juu ya godoro ndani ya kirikuu, kile kigari cha mizigo. Nikapita kwa kaka aione kabla haijaondoka.

"Niache nayo kidogo," alisema. "Niagane na baba."

Nikaingia ndani kusali alasiri. Nilipotoka alikuwa amesimama kando ya gari anapangusa macho, nami nikaondoka.

Kiwengwa, mdogo wangu alinipokea uani akiwa amenuna. Nikampa maneno ya kaka kama nilivyoagizwa. Akazidi kununa. Lakini alinisaidia kushusha sanduku, akanisaidia kufunga pembe, na nilipoona anapitisha kidole juu ya mbao nikajua amelainika.

"Zungusha," nikamwambia. "Iko tupu. Zungusha mpaka ikatae."

Hendeli ikakataa palepale. Mwenye akili angeacha. Mdogo wangu akailalia kwa uzito wake wote, ukucha ukakatika ndani, na hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu zote za springi iliyojaa. Ilimpiga kifundo cha mkono na mfupa ukalia. Ikazunguka tena, ikampasua vidole.

"Kanitega!" alipiga ukelele. "Mara ya kwanza meno, sasa mkono! Kanitega, mwana haramu yule!"

Alisahau kuwa mama yao mmoja, na wangu pia. Kwa mkono mzima akashika mchi wa kinu, akaishukia gramafoni. Mbao ziliruka. Pembe nililoligonga wiki nzima likalala bapa. Nilimvuta shati, akanisukuma nikaanguka chini. Nikiwa palepale chini nikampigia kaka simu, nikafungua sauti isikike.

"Umeifanya nini hii?"

"Niliijaza," alisema kaka.

"Nani alokwambia uijaze?"

"Ningempelekeaje tupu? Hata sahani ya jirani hairudi tupu. Nimeizungusha mpaka mwisho, nikasema akiifungua tu, iimbe." Kisha akauliza, "Imeimba?"

Mdogo alikuwa amesimama na mchi, damu inamchirizika. Akauweka chini, akakaa, akanyoosha mkono nimfunge. Tukaenda hospitali, akatiwa plasta.

Asubuhi kaka akaja mwenyewe. Aliingia uani na kanzu yake nyeupe, mtu aliyekuja kuomba radhi, macho yakaangukia gramafoni ya baba vipande vipande. Akamzaba mdogo kofi lililosikika mpaka kwa majirani. Mdogo akamkwida kanzu kwa mkono mmoja. Mimi nikaokota mchi, maana nilijua leo atakufa mtu.

"Nshakusamehe tangu jana, kaka," mdogo alisema, huku analia. "Sasa wanipigia nini?"

Kaka akamkumbatia, plasta na vyote, wakalia kwa sauti kama watoto. Walipotulia, kaka akanigeukia.

"Na we fundi gani, kitu wakisafirisha bila kukikagua?"

"Hata mie nashangaa," mdogo akasema. "Kanambia iko tupu!"

Wakanisema wote wawili, kwa zamu, mmoja akipumua mwenziwe anapokea. Nikaweka mchi chini nikawaacha waniseme. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwasikia wakikubaliana jambo.