Pedeli ya Fundi Sudi

Juzi hapa Nzega nilipishana na baiskeli kuukuu ya Kifaransa, nikasikia tena harufu ya grisi na mafuta ya taa ya kwenye kibaraza cha Fundi Sudi, Tabora.

Nilikuwa mtoto. Pedeli ya baiskeli ya baba, nayo ya Kifaransa, ilikuwa imekatika, na mfukoni alikuwa na dawa ya mdogo wangu, aliyelala na homa kwenye kijiji cha ujamaa tulikohamia. Fundi alijaribu pedeli tatu, zote zikagoma kuingia.

"Hizi za Kiingereza ni nene," alisema. "Mfaransa ana hesi zake, hapatani na mtu. Ndugu, kanywe maji kwanza."

Baba alipokwenda mtungini, nilimwona fundi akinyata hadi kwenye baiskeli iliyoegemea ukuta wa uani. Akafungua pedeli, kri-kri-kri, akarudi akiifuta kwa shati. Kwetu ikaingia kama imezaliwa humo.

"Umeipata wapi?" baba aliuliza.

"Nilikuwa nimeisahau kwenye boksi."

Mwongo! Nikamnong'oneza baba kwa Kinyamwezi kwamba tumepewa mali ya wizi. Fundi, Mnyamwezi kama sisi, akacheka.

"Binti yako askari huyu! Haya, wahini na dawa."

Tulipokata kona niligeuka. Alikuwa amefunga kazi, anaikokota ile baiskeli ya pedeli moja, nami nikawa na hakika anaitorosha.

Ilikuwa yake mwenyewe. Baba aliniambia nilipokua. Mdogo wangu sasa ana watoto wawili, na mimi siku ile sikumpungia fundi hata mkono.