Jongoo wa Mpanda Miti

Mvua zikianza Magogoni, mpanda miti, yule anayeotesha mivinje kwenye machimbo ya mawe ya zamani, huzunguka majumbani na kopo lake la mafuta ya Kimbo, akiomba jongoo. Huwaokota kwa vidole viwili, pole pole, kana kwamba anachambua mchele.

"Wallahi una wazimu," jirani yake Barke alimwambia, na yeye akampeleka machimboni akajionee. Pale juu ya jiwe tupu majani makavu ya mivinje hayaozi. Jongoo ndio huyala, wakatoa udongo. Alifukua kwa kiganja alipowamwaga mwaka juzi.

"Nusa, Bi Barke."

Udongo ulikuwa mweusi, una unyevu. Barke alinusa. Kesho yake adhuhuri alimletea bakuli lililofunikwa kawa. Mpanda miti akashukuru, akanawa mikono, akafunua: jongoo kumi na wanane, wamejikunja, na Barke mlangoni hoi kwa kicheko.