Mwinjilisti Yerusa na Mwenzake Asiyeongoka

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu. Mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, hauna umeme tangu Alhamisi, na Yerusa Buhanza anang'arisha viatu vyake kwa mwanga wa kibatari. Viatu hivyo vimeshonwa soli mara nne. Anavipaka rangi nyeusi kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba fundi hatakubali mara ya tano.

Nje mvua imekatika. Njia inayoshuka bondeni ni tope tupu. Mlango unagongwa mara mbili.

"Shikamoo, mama," anasema Yerusa hata kabla ya kufungua.

"Asante, mutoto yangu," anajibu Maman Eulalie. Mwezi wa nne huu anaamkiwa hivyo, na bado hajajifunza, au hataki kujifunza, kuitikia marahaba.

Wanatoka pamoja. Mmoja amevaa shati jeupe lenye beji ya kitambaa cha bluu iliyotariziwa "Mwinjilisti Yerusa", na Biblia yake iko ndani ya mfuko wa nailoni. Mwingine amejifunga kitenge, amevaa kandambili, na rozari imezungushwa kwenye kiganja chake. Ukiwaona kwa mbali utadhani ni mama na bintiye wanaowahi misa.

Yerusa ana miaka arobaini na mmoja. Ni Mtanzania, mzaliwa wa Kasulu mkoani Kigoma. Kanisa lake, Agano la Ziwani, ni dogo kiasi kwamba hata Kigoma wapo wasiolijua. Lilimtuma Bukavu Februari mwaka jana kwa miaka miwili, wakati mji huu tayari ulikuwa mikononi mwa waasi na watu wenye akili zao walikuwa wakitafuta njia ya kutoka, si ya kuingia.

Alikuta waumini thelathini na mmoja wanaosali katika chumba cha kupanga. Leo wamebaki kumi na wanane. Watano amewazika mwenyewe. Wanane wengine walikimbia, na baadhi yao hajui walikoelekea. Posho yake ya dola ishirini kwa mwezi haijafika tangu Juni.

"Zamani nilikuwa nachoka miguu," anamwambia mwandishi wa makala haya wakishuka kilima. "Siku hizi naamka nimeshachoka. Lakini humu mjini wapo walioona makubwa, kwa hiyo naona haya kusema."

Kanisa lake lina kanuni moja isiyo na msamaha: mwinjilisti hatembei peke yake. Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili, basi asiye na mwenzake akae nyumbani mpaka apewe. Kila Jumapili Yerusa hujaza fomu ya kupeleka Kigoma: nyumba alizozitembelea, wagonjwa aliowaombea, watu waliobatizwa. Juu kabisa, kabla ya yote hayo, kuna mstari unaosema "Jina la mwenzako".

Mwenzake wa kwanza aliitwa Dorkasi. Mwezi wa Julai Dorkasi aliugua ini, akasafirishwa nyumbani akiwa amelazwa kwenye godoro. Aliyeahidiwa kuja badala yake hakuja. Nani atakuja? Vita havina mwaliko.

Hapo ndipo Eulalie M'Zagabe alipoingia. Ana miaka hamsini na minane, ni mjane, na ndiye mwenye nyumba anayopanga Yerusa. Kazi yake ni kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Ni Mkatoliki wa kuzaliwa na mwanachama wa Legio ya Maria kwa miaka arobaini na miwili.

"Nilimuona siku tatu anaikala mu nyumba na viatu mu miguu," anasimulia. "Nikamuuliza, uko mugonjwa? Akasema hapana, sina mwenzangu. Nikamwambia, na mie niko nini? Ata sisi mu Legio hatuendake moja moja kuona bagonjwa. Ile kanuni ninaijua mbele ya yeye kuzaliwa."

Tangu siku hiyo Eulalie humwachia binti yake Mapendo meza ya sokoni hadi saa sita, naye hutembea na Yerusa. Hahubiri. Yerusa anaposoma Biblia, Eulalie hukaa karibu na mlango na kupitisha punje za rozari kidoleni. Wakifika kwenye amina, yeye hufanya ishara ya msalaba.

Wenyeji wa nyumba huchanganyikiwa. Jumatatu hiyo wako kwa Rosalie, muumini wa Cimpunda, ambaye mumewe alikwenda Bunyakiri mwezi Mei kumtafuta kaka yake na hajarudi. Kuna jirani amekuja kuomba moto. Anawatazama wageni mmoja mmoja, kisha anauliza, "Nyinyi ni ba kanisa gani?"

"Yeye ni ya kwake, mie ni ya kwangu," anajibu Eulalie. "Tumekuja kusalimia."

Rosalie anasimulia habari ya mumewe tangu mwanzo. Yerusa ameshaisikia mara nyingi mno, na anaisikiliza tena, mikono mapajani, saa nzima. Hamwahidi chochote. Kazi yake imegeuka kuwa hiyo, kusikiliza. Fomu haina mahali pa kuiandika.

Je, hajajaribu kumwongoa mwenzake? Yerusa anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nilijaribu wiki ya kwanza. Akaniambia, nikianza maneno yale atabaki nyumbani. Nikanyamaza. Umewahi kusikia mwinjilisti anayeogopa kuhubiri?"

Mezani kwake ilikuwepo bahasha nene kutoka makao makuu ya kanisa. Mwandishi wa makala haya ndiye aliyeombwa kuileta kutoka Kigoma, na aliikabidhi Jumapili jioni bila kujua kilichomo. Yerusa aliizunguka usiku mzima. Anaifungua Jumatatu saa saba, waliporudi, baada ya kuosha miguu na kukosa kisingizio kingine.

Ndani kuna barua ya ukurasa mmoja, na beji mpya ya bluu. Beji imetariziwa "Mwinjilisti Eulalie".

Barua inamshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Eulalie, ambaye jina lake baraza limeliona katika fomu kwa wiki kumi na tatu mfululizo bila kukosa hata wiki moja. Inasema hakuna kituo kingine kilichopata mwenyeji mwaminifu kiasi hicho. Kwa hiyo Yerusa amefanya kazi njema na anaruhusiwa kupumzika. Arudi nyumbani kabla ya Krismasi, akimkabidhi kituo Mama Eulalie.

Yerusa anaisoma mara mbili. Anakaa kitandani na kuifunika kwa kiganja.

"Sikudanganya," anasema. "Waliuliza jina, nikaandika jina. Dini hawakuuliza." Halafu anaongeza: "Lakini nilijua watadhani nini. Nilijua kabisa."

Eulalie anapitisha kidole juu ya nyuzi za beji, akisoma jina lake herufi kwa herufi. "Banashona muzuri," anasema. Kisha anacheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Anaomba aichukue akamwonyeshe Mapendo, na kuifunga kwenye pembe ya kitenge chake pamoja na funguo.

Yerusa yeye hacheki. Akinyamaza, ataondoka Desemba kwa heshima, na kituo kitabaki mikononi mwa mwanamke ambaye Jumapili yuko kwenye misa. Akisema kweli, atakuwa amekiri kwamba kwa miezi mitatu amefanya kazi bila mwenzake wa imani. Wataagiza arudi mara moja na chumba kifungwe, kwa kuwa Kigoma hakuna wa kumtuma. Kwa vyovyote vile, watu kumi na wanane watabaki bila mtu.

"Nyumbani nataka. Usifikiri sitaki," anasema. "Mama yangu haoni vizuri siku hizi, ananijua kwa sauti. Ningeweza kufunga begi leo. Lakini nikifunga na mlango, Rosalie atamsimulia nani?"

Wiki inajikokota. Jumanne wanakwenda kwa wagonjwa wawili. Jumatano mvua. Alhamisi walikusudia kwenda Mumosho, kusini mwa mji, ambako wapo waumini wanne ambao Yerusa hajawaona tangu Agosti. Wakiwa wameshavaa viatu, habari zinakuja kwamba njia hiyo ina risasi. Wanavua viatu. Eulalie anakwenda sokoni, Yerusa anashona shati. Usiku hagusi chakula.

Jumamosi wanaelekea Panzi. Njiani kuna kizuizi kipya, gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili, kibanda pembeni, na askari kijana mwenye macho mekundu. Anasikia Yerusa akisema habari za asubuhi, anamsimamisha.

"Hii Swahili yako ni ya wapi?"

"Kigoma. Tanzania."

"Kwenu munaongea nini?"

"Kiha."

Hapo uso wa askari unabadilika. Kiha kinafanana na Kirundi na hakiko mbali na Kinyarwanda, na katika mji huu, mwaka huu, lugha ya mama yako inaweza kukufanya udhaniwe jasusi, ikakumaliza. Yerusa anatoa pasi yake ya kusafiria. Askari anaisukuma bila kuifungua, akisema karatasi kila mtu anazo. Anamwagiza apite nyuma ya kibanda.

Mwandishi wa makala haya alikuwa hatua kumi nyuma yao. Hakufungua mdomo, na hilo halina fahari.

Eulalie anainama, anafungua fundo la kitenge, anatoa beji. Anaibandika kifuani kwa pini, bila haraka, kisha anasimama katikati ya Yerusa na kibanda.

"Tuko babili," anasema. "Mie ni mwenzake. Soma."

Askari anasoma kwa sauti: "Mwinjilisti Eulalie." Anautazama mkono wa Eulalie. "Na ile rozari?"

"Ya kuhesabu batu benye tunaombea. Na wewe nikuhesabu?"

Askari anatazama barabarani, juu, kisha chini.

"Nihesabu," anasema.

"Jina?"

"Glody."

Eulalie anashika punje moja kati ya vidole na kulitaja jina hilo polepole. Askari anainua gogo.

Walipopita kona, Yerusa alikaa juu ya jiwe.

"Nimechoka, mama. Safari hii nimechoka kweli."

"Utachokea nyumbani," alisema Eulalie, akiivua beji na kuifunga tena pamoja na funguo. "Bikira atanisamehe. Nimevaa dakika tano tu. Simama, twende."

Walikwenda Panzi. Waliwaona watu wote watatu waliokusudia kuwaona.

Jumapili watu kumi na wanne wamefika ibadani. Wanaimba bila ngoma, kwa sababu ngoma inaita watu wasiotakiwa. Eulalie yuko kwenye misa yake. Anaporudi anamkuta Yerusa mezani, fomu mbele yake, kalamu mkononi, na safu zote zimejazwa isipokuwa ule mstari wa juu.

Anaandika, huku akisoma kwa sauti anachokiandika: "Eulalie M'Zagabe. Mkatoliki. Hajaongoka, na hana nia."

"Andika na hii," anasema Eulalie. "Basinishonee ingine."

Yerusa anaandika na hiyo. Kisha anachukua karatasi nyingine na kueleza yote, tangu siku ya viatu mpaka gogo la barabarani. Mwishoni anaomba jambo moja, kwamba mwanamke huyu ahesabiwe kuwa mwenzake hivyo alivyo, na kituo kisifungwe. Haamini sana kwamba watakubali. Ameruhusu pia haya yote yachapishwe, maana hadi gazeti litoke, anasema, wenye haki ya kujua watakuwa wamejua.

Anamkabidhi barua mwandishi wa makala haya, ambaye kesho yake anashuka Uvira kupanda boti ya Kigoma. Baraza la kanisa hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Hiyo ni siku sita tu kutoka leo. Barua ikiwahi, amri ya kufunga inaweza kuandikwa siku hiyo hiyo. Ikichelewa, itasubiri Desemba.

Anatarajia nini? Yerusa anafunika kalamu.

"Nikipata hata mwezi mmoja, nataka nifike Mumosho. Wale wanne niwaone kwa macho yangu, niwaambie hawajasahauliwa. Baada ya hapo wakiniita nitakwenda. Nitalala wiki nzima kwa mama yangu, na mtu asinigongee mlango."

"Basi huyu papa achelewe kidogo," anasema Eulalie, akimwelekezea mwandishi kidole.

"Hapana, mama. Nimechelewesha mimi, inatosha. Aende na mwendo wake."

Jumatatu alfajiri Yerusa alikuwa amerudi kwenye viatu vyake na ile rangi nyeusi. Eulalie ndiye aliyemsindikiza mgeni hadi barabarani. Alimbebea begi, akakataa kunyang'anywa, na walipofika kwenye gari alimpa kifurushi cha sambaza wakavu.

"Papa," alisema, "mu njia usikimbie-kimbie."

Mwandishi wa makala haya alifika Uvira Jumanne. Aliondoka Jumatatu iliyofuata, baraza likiwa limeshakutana. Boti zilikuwepo kila siku.