Sanamu ya Mowlem Iliyoliwa na Bahari

Fundi wa saruji aliyekuwa na banda mtaa wa Mowlem amefariki, wasomaji wangu, katika chumba cha kupanga kule mtaa wa Tassia, kifua kikimbana. Mimi ndiye niliyemkorogea saruji miaka ile. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo sina maneno ya kumpamba marehemu. Nina uchungu tu.

Kabla ya saruji alikuwa mpishi wa meli. Meli yao iliharibikia Ugiriki, na walipokuwa wakingoja vipuri akaingia makumbusho. Humo akaona mali iliyoopolewa baharini na wapiga mbizi: bakuli za kioo cha rangi, vipuli vya dhahabu, masanamu ya mawe meupe, shehena ya matajiri wa kale iliyozama na meli yao. Kilichomshika ni kijana mmoja wa jiwe, ameinama kama anayetaka kuruka. Upande mmoja ni laini kama wa jana. Wa pili umetafunwa na wadudu wa bahari hadi shavu likabaki matundu. Hakumsahau. Alipopata banda akamjenga kwa saruji, na lile shavu akalitoboa kwa msumari, tundu kwa tundu, ndivyo alivyomwona. Alitaka wapita njia wajue kwamba mikono yake inaweza zaidi ya vyungu vya maua.

Shida ni kwamba siku hizo kila mtaa ulinong'ona habari za waabudu shetani. Mama mmoja wa ushirika wa kanisa akasimama mbele ya banda.

"Fundi, huyu ana ukoma ama ulimchoma?"

"Ni bahari, mama. Upande uliolalia mchanga ndio uliopona."

"Na bahari imefika Mowlem lini?"

Wenzake wakacheka, lakini Jumapili wakaja na mafuta ya upako na nyundo ya kuvunjia mawe. Majina siandiki, vyeo naviandika: mchungaji aliyeshika nyundo, diwani aliyesimama kutazama kwa kuwa alikitaka kiwanja cha fundi kwa vibanda vyake, na mwenyekiti wa ushirika aliyenisukuma nilipozuia, jino langu la mbele likaenda. Fundi hakupigana. Aliwaomba tu, "Niacheni nimfunike gunia, msimvunje." Wakamvunja. Baada ya hapo hakuna aliyenunua kwake hata chungu, na wazazi wakawavusha watoto ng'ambo ya barabara wasipite pale. Akahamia Tassia kubeba mawe kwenye ghorofa za watu, na mikono ile haikuumba tena kitu.

Wenzetu wa Ugiriki walizama kilindini kuokota jiwe lililoliwa nusu, wakalijengea nyumba. Sisi tulikuwa na muumbaji mzima, kando ya barabara, mchana kweupe.

Jana mwenyekiti yuleyule alikuja kwangu, kofia mkononi. Ushirika ndio unaomzika, na kwaya imeshapangwa. "Ndugu yangu, wewe ulimjua. Tuseme alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamwambia waseme alikuwa msanii, kisha waseme ni nani waliomvunjia kazi. Akasema hayo hayafai mbele ya jeneza.

Basi nawaambia ninyi. Usichokielewa, muulize aliyekitengeneza angali anaweza kukujibu. Mwenyekiti alikuwa na miaka ya kuuliza, na Tassia si mbali.