Fimbo ya Umeme ya Machage

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Nyamwaga, kilipata umeme mwaka 1982, nao ulikuja ndani ya fimbo. Kwenye shamba la mifugo ilikotoka, fimbo hiyo ilitumika kupandisha madume kwenye lori. Viongozi wakaona itatufaa na sisi, mlangoni mwa duka la ushirika, siku za kugawa sukari.

Akakabidhiwa Machage, mgambo mpole aliyeogopa hata radi ya mbali. Wa kwanza kuguswa alikuwa Joram, mfyatua matofali mwenye mikono minene kama mapaja. Alianguka mbele ya mkewe, akajikojolea. Aliponyanyuka alisema taratibu, "Mgambo, siku umeme wako ukiisha, utaniona."

Tangu hapo watu walisimama mbali na mlango, na Machage akaanza kukonda. Halafu betri za fimbo zikaisha. Betri zilikuwa adimu kuliko sukari; redio zote kijijini zilishanyamaza. Machage akabaki analinda duka kwa fimbo mfu, akiinyanyua tu huku jasho linamtoka, na kila foleni Joram alisogea karibu kidogo.

Siku lori lilipoleta betri, kijiji kizima kilikuja na redio kwapani. Machage alimnong'oneza meneja Benedicto ampe zake kwanza. Benedicto akamjibu kwamba ujamaa hauna upendeleo, apange foleni kama wenzake.

Foleni yenyewe ikavunjika. Umati ukaja mlangoni, Joram akiwa mbele, na mbele ya Joram, akisukumwa, Wegesa, mama mkwe wa Machage. Benedicto aliamuru kutoka dirishani watu wapigwe. Lakini kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wala hamtazami usoni. Akikutana naye humpisha njia. Machage akainamisha macho, akaupisha mlango. Watu wakamiminika ndani.

Joram hakuingia. Aliishika ncha ya fimbo kwa kiganja chake chote, akangoja. Hakuna kilichotokea.

Wegesa, akiwa amewapa mgongo, akasema kama anayeongea na ukuta, "Mwambieni huyo kijana, anayetaka kumpiga baba wa wajukuu zangu aanze na mimi."

Joram akaiachia fimbo. "Shikamoo, mama," akasema kwa adabu. Kisha akamwinamia Machage sikioni. "Mama mkwe wako haji dukani kila siku."

Akaondoka bila kununua kitu. Zamu ya Machage ya kununua ilikuwa bado, na betri dukani zilikuwa zimekwisha.